Hofu ina dawa yake, urafiki una dawa yake: historia fupi ya tiba ya mazungumzo kwa vijana



Leo sitaandika juu ya mbolea wala bei ya mbegu. Mnivumilie, juu hii habari si ya fakilte yangu. Ni habari iliyoingia nyumbani kwetu bila kubisha hodi, na ikanilazimisha kusoma vitu ambavyo hakuna profesa alinifundisha.

Mwaka ule nilikuwa namaliza lisansi, naandika memwari yangu juu ya mbolea ya mahindi. Mdogo wangu wa kike alikuwa na miaka 15, sekondari ya tatu, hapa Bukavu. Kila Jumatatu asubuhi tumbo lilimuuma. Jumamosi alikuwa mzima kabisa. Jumapili mchana alikula vizuri. Jumapili jioni alianza kunyamaza, na Jumatatu saa 12 asubuhi tulimkuta amejikunja kitandani. "Yaya, tumbo iko inaniuma." Mama akampeleka kupima malaria: hakuna. Tukasema ni tifoidi, akameza dawa. Tukasema ni minyoo, akameza dawa nyingine. Jirani akasema kuna mtu amemfanyia kitu, akapelekwa kwa maombi siku tatu. Shuleni walijibu kwa neno moja: "Ule mtoto iko na uvivu tu."

Na mimi, yaya yake, mtu wa chuo kikuu, nilimwambia maneno ambayo mpaka leo yananitia haya. Nilisema: "Sisi tulikimbia vita tukiwa wadogo, hakuna aliyeumwa tumbo juu ya masomo. Wasiwasi ni ugonjwa wa watoto wa wazungu."

Ilichukua miezi mitano tujue ukweli. Walikuwa wasichana wanne, walikaa pamoja tangu sekondari ya kwanza. Kukatokea ugomvi juu ya ujumbe mmoja wa simu. Watatu wakamtoa kwenye kundi lao la WhatsApp, wakahama benchi, na siku moja alipoitwa ubaoni wakacheka, darasa lote likawafuata. Toka siku ile, akikaribia mlango wa shule, moyo ulimwenda mbio na mikono ikatoka jasho. Tumbo halikuwa uongo. Lilikuwa linauma kweli.

Aliyetufungua macho ni muuguzi mmoja wa kituo cha afya. Alimuuliza mtoto maswali matatu, kisha akamwambia Mama: "Mpelekeni kwa psikologe." Mama akashtuka: "Mtoto wangu hana wazimu!" Mnajua hapa kwetu: ukisema mambo ya akili, watu wote wanawaza Sosame, na njiani watakucheka. Hata hivyo tulienda. Na kwa sababu mimi ni mtu wa kutoamini haraka, nikaanza kusoma: hii terapi ilitoka wapi? Ilijaribiwa kwa nani? Ilishindwa wapi? Njo maswali tunayouliza juu ya dawa yoyote mpya ya shamba kabla ya kuipeleka kwa mkulima.

Haya njo niliyoyapata.

1. Mtoto aliyeogopa sungura

Historia ya kutibu hofu ya watoto ina mwaka ambao wengi wanauchukua kama mwanzo: 1924, New York. Mwanamke kijana, Mary Cover Jones, aliandika habari ya mtoto anayeitwa Peter, karibu miaka mitatu. Peter aliogopa sungura, na hofu ilienea mpaka kwenye manyoya, koti la ngozi, hata pamba. Jones hakumhubiria wala hakumcheka. Alifanya mambo mawili. Kwanza, alimweka Peter acheze pamoja na watoto wengine ambao hawakuogopa sungura, aone kwa macho yake. Pili, alimpa chakula anachokipenda huku sungura akiwa mbali, ndani ya kizimba. Siku kwa siku sungura alisogezwa kidogo, kisha akafunguliwa, na mwisho Peter alimshika kwa mkono.

Kitu kimoja kilinigusa sana. Katikati ya kazi Peter aliugua, akalazwa hospitali, na alipotoka mbwa mkubwa akamrukia. Hofu ikarudi yote. Jones hakusema kazi imeharibika. Alianza tena, akipanda ngazi taratibu.

Baadaye wazo hili lilipita Afrika. Joseph Wolpe, daktari wa Afrika Kusini, alihudumia wanajeshi wa Vita vya Pili vya Dunia waliorudi na hofu isiyoisha. Huko Johannesburg alitengeneza utaratibu: mgonjwa anaandika orodha ya hofu zake toka ndogo mpaka kubwa, anajifunza kutuliza mwili, kisha anaanza na ile ndogo. Kitabu chake kilitoka 1958. Kwa hiyo mtu akisema haya ni mambo ya mbali, mwambie sehemu moja ya msingi wake ilijengwa katika bara letu.

2. Wasichana waliotoroka Hudson

Njia ya pili inahusu urafiki. Mwaka 1932 kulikuwa na shule ya wasichana mjini Hudson, katika jimbo la New York, ambako serikali ilipeleka wasichana waliopatikana na makosa. Ndani ya wiki mbili tu, wasichana 14 walitoroka. Viongozi walitafuta sababu ndani ya tabia ya kila msichana: huyu mkaidi, yule mwongo.

Daktari mmoja, Jacob Moreno, alitafuta kwingine. Aliuliza kila msichana swali jepesi: ungependa kuishi nyumba moja na nani? Na nani hutaki? Akachora majibu: kila msichana duara, kila chaguo mstari. Mchoro ulionyesha kitu ambacho hakuna mlezi alikiona. Kulikuwa na wasichana waliochaguliwa na wengi, kulikuwa na mduara wa marafiki waliojifunga, na kulikuwa na wale ambao hakuna mstari hata mmoja uliwafikia. Moreno alieleza kwamba kutoroka kulifuata ile mistari kuliko tabia ya mtu mmoja mmoja. Kitabu chake kilitoka mwaka 1934.

Fikirini darasa la kwetu la wanafunzi 60. Mwalimu anajua nani amelipa minervali na nani hajalipa. Hajui ni nani anakaa peke yake saa ya rekreasio.

3. Mazungumzo yanapewa utaratibu

Kwa muda mrefu tiba ya mazungumzo ilikuwa kitu cha matajiri, miaka na miaka kwenye kiti cha daktari. Miaka ya 1970 Gerald Klerman na Myrna Weissman, huko Marekani, walitengeneza tiba fupi yenye hesabu ya wiki. Msingi wake hata bibi yangu angeuelewa: huzuni ya mtu mara nyingi imefungwa na watu wanaomzunguka. Kwa hiyo unatafuta ilianzia wapi kati ya milango minne: kufiwa, ugomvi, mabadiliko ya maisha, au upweke. Ukishapata mlango, unafanya kazi pale: unajifunza kusema kilichokuuma bila kutukana, kuomba msaada, kumaliza ugomvi au kukubali kwamba umekwisha. Laura Mufson aliibadilisha kwa vijana wa miaka 12 hadi 18, na baadaye ilitolewa ndani ya kliniki za shule za New York.

Upande wa hofu nao uliendelea. Aaron Beck, Philadelphia, alionyesha kwamba mawazo yanayopita haraka kichwani ("wote wananicheka", "nitaanguka mbele ya watu") yanaweza kushikwa na kuchunguzwa kama tunavyochunguza dai lolote. Katika mji huo huo Philip Kendall aliunganisha mawazo ya Beck na ngazi ya hofu, kwa ajili ya watoto. Jaribio lake la mwaka 1994 lilikuwa na watoto 47 wa miaka 9 hadi 13, na wengi wa waliopata tiba waliendelea vizuri kuliko waliosubiri.

4. Gulu, mwaka 2005

Sasa tuvuke tuje karibu na kwetu. Mwaka 2002, kusini mwa Uganda, wilaya za Masaka na Rakai, watafiti walijaribu ile tiba ya Klerman na Weissman kwa watu wazima vijijini, katika makundi, ikiongozwa na watu wa pale pale waliofundishwa wiki mbili. Matokeo yalikuwa mazuri sana, yakatangazwa 2003. Swali likawa: na vijana je?

Wakati huo kaskazini mwa Uganda vita vya LRA vilikuwa vimekusanya watu zaidi ya milioni moja ndani ya makambi. Hii LRA ni ile ile iliyovuka baadaye ikaja kuua watu wetu wa Haut-Uele. Kabla ya kutibu yeyote, watafiti waliwauliza Waacholi wenyewe: vijana wenu wanaumwa nini moyoni, na mnakiita nani? Watu wakatoa majina yao. *Two tam*, *par* na *kumu* yalikaribia huzuni nzito. *Ma lwor* ilikuwa hofu na wasiwasi. *Kwo maraco* ilikuwa tabia mbaya. Hakuna mtu alisema hawana kitu kama hicho. Walikuwa na majina tayari, kabla hakujafika mtafiti yeyote.

Mwaka 2005, katika makambi mawili, vijana 314 wa miaka 14 hadi 17 waligawanywa mara tatu. Wa kwanza walipata makundi ya mazungumzo kwa wiki 16. Wa pili walipata michezo na sanaa. Wa tatu walisubiri. Matokeo yalitangazwa 2007, na hapa naomba msome polepole. Wasichana wa makundi ya mazungumzo walipata nafuu kubwa ya huzuni. Wavulana, tofauti yao ilikuwa ndogo, haikutosha kuhesabiwa. Michezo peke yake haikuponya huzuni. Na wasiwasi, ile *ma lwor*, haikushuka kwa sababu ya mazungumzo wala ya michezo.

Niliposoma hivyo mara ya kwanza nilifunga simu, nikasema: kumbe haifanyi kazi. Kesho yake nikiwa shambani ndipo nilielewa.

5. Manjano mbili za mahindi

Mkulima anakuita: mahindi yangu yanakuwa manjano. Ukiwa mvivu, unamuuzia urea. Lakini sisi watu wa agronomi tunainama tunaangalia jani. Manjano ikianzia kwenye ncha ya majani ya chini na kufuata mshipa wa katikati, ni njaa ya azoti. Ikifuata kingo za jani, ni potasiamu. Na kama maji yametuama kwenye mizizi, unaweza kumwaga urea mfuko mzima, shida ya maji itabaki pale pale. Urea si mbaya. Umeipeleka mahali siyo.

Naona Gulu ilitufundisha kitu cha namna hiyo. Tiba iliyopelekwa pale ilitengenezwa kwa ajili ya huzuni na mahusiano ya watu, na kwa wasichana ilifanya kazi yake. Hofu inaomba kitu kingine: ngazi ya Peter, kukaribia kidogo kidogo kile unachokiogopa. Haya ni maoni yangu, lakini angalieni kilichofuata.

Mashariki mwa Congo, kwetu hapa, majaribio mawili yalitangazwa mwaka 2013. Moja lilikuwa na wavulana 50 wa miaka 13 hadi 17, baadhi yao walikuwa wanajeshi watoto. Lingine lilikuwa na wasichana 52 wa miaka 12 hadi 17 walioumizwa na vita na dhuluma. Tiba ilikuwa ya kundi, vikao 15, na ndani yake kulikuwa na vipande vya upande wa hofu: kutuliza mwili, kushika wazo na kulichunguza, kukaribia kumbukumbu mbaya hatua kwa hatua. Dodoso lililotumiwa kupima lilizaliwa katika ile kazi ya kuwasikiliza Waacholi. Safari hii huzuni na wasiwasi vilishuka vyote pamoja, kwa wasichana na kwa wavulana, na tabia ya kusaidiana na wenzao ikapanda. Vijana wetu wa Congo, si wa New York.

Na kuna habari ya karibuni zaidi. Kenya, vijana wenyewe walianzisha programu inayoitwa Shamiri. Neno lile linatufaa watu wa shamba: mmea ukishamiri, umekua vizuri na kujaa majani. Ni vikao vinne tu, shuleni, na anayeongoza si daktari. Ni kijana aliyemaliza sekondari juzi, akafundishwa. Jaribio lililotangazwa 2021 lilikuwa na wanafunzi 413, na wasiwasi ulipungua zaidi kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma.

6. Turudi nyumbani

Mwanasaikolojia aliyempokea mdogo wangu alikuwa mama mmoja mtaratibu, hakuwa na mashine yoyote. Siku ya kwanza alitenganisha shida mbili ambazo sisi tulizichanganya miezi mitano: ugomvi na hofu.

Kwa ugomvi, alimpa karatasi achore darasa, kama Moreno bila kumtaja. Mtoto akachora wale watatu wakubwa sana katikati, na yeye pembeni. "Na huyu anayekaa nyuma yako ni nani?" Akataja msichana mmoja aliyemwazimaga daftari kila wiki, ambaye hakuwahi kumhesabu kuwa rafiki. Kisha wakafanya mazoezi ya maneno, mama yule akijifanya ndiye rafiki wa zamani: namna ya kusema "uliniumiza" bila kulia na bila kutukana.

Kwa hofu, waliandika ngazi. Kupita mbele ya shule siku ya Jumapili. Kusimama mlangoni Jumatatu pamoja nami. Kukaa saa ya kwanza, kisha kurudi nyumbani. Kubaki mpaka rekreasio. Kuinua kidole mara moja. Mwisho, ubaoni. Ile hatua ya pili tuliifanya mimi na yeye. Alinishika mkono kwa nguvu mpaka kucha zikaniingia, na sikumwambia neno lolote la vita.

Nisiwadanganye kwamba yote yaliisha vizuri. Alimwambia rafiki wa zamani yale maneno aliyojizoeza, na yule msichana alimwangalia, akaenda zake. Urafiki ule ulikufa. Baada ya likizo tumbo lilirudi wiki mbili, sawa na Peter na yule mbwa, tukaanza tena toka ngazi ya chini. Lakini alimaliza mwaka. Yule wa daftari leo anakula kwetu kila Jumapili. Siku moja mdogo wangu aliniuliza: "Yaya, juu ya nini mlichelewa vile?" Sikuwa na jibu la kumpa, njo maana naandika haya.

7. Tufanye nini sisi

Najua wengi watasema hatuna wanasaikolojia wa kutosha, na pesa hakuna. Ni kweli. Lakini historia niliyowaeleza imejaa watu wasio madaktari: walioongoza makundi ya Masaka na ya makambi ya Gulu, waliomaliza sekondari wa Kenya. Na ndani ya hiki chama kuko mamia yetu wenye diploma, wengi bila kazi, wenye kujua kusoma, kusikiliza na kuandika ripoti. Nina mapendekezo matatu.

Kwanza, wenye lisansi ya saikolojia watuandalie siku mbili za mafunzo, ili kila mmoja wetu aliye mwalimu au mlezi ajue dalili, ajue mpaka wake, na ajue wakati wa kupeleka kijana mbele. Mafunzo ya siku mbili hayatufanyi waganga. Na kijana akisema anataka kufa, hapo hakuna kundi wala ngazi: ni kituo cha afya siku ile ile, usimwache peke yake.

Pili, mwalimu afanye jaribio dogo: wiki hii aangalie saa ya rekreasio ni nani hana mtu. Aandike jina lake pembeni ya orodha ya minervali.

Tatu, tuache lile neno la "mambo ya wazungu". Waacholi walikuwa na majina yao kabla ya mtafiti kufika. Sisi pia tunasema moyo unaruka, tunasema ana mawazo mengi. Majina tunayo.

Mtoto akisema tumbo linauma kila Jumatatu, apimwe malaria, ndiyo. Ikikosekana, mwinamie, uangalie manjano imeanzia wapi.

 Tukutane kwenye mkutano wa mwezi.